Maji ya ziwa si kipimo cha kila kimiminika

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tusahihishe kauli mbili ambazo mwanafunzi wa Mwanza huzikuta daftarini, kwenye chati za ukutani, na mara nyingine kwenye kurasa za elimu za magazeti. Ya kwanza: kimiminika hakibanwi. Ya pili: chembe za kimiminika huhangaika ovyo, kila moja kivyake, na hakuna cha maana katika kuhangaika huko. Ya kwanza ni kosa dogo. Ya pili inafukia jambo zuri lililobainika kuhusu vimiminika miaka ya karibuni, tena jambo ambalo kidato cha sita wanaweza kulihakiki wenyewe kwa kompyuta mpakato moja.

Tuanze na lile dogo. Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 hivi pale lilipozama zaidi. Chini kule uzito wa maji peke yake unaleta kanieneo ya karibu mara 7.7 ya angahewa ya usawa wa bahari (ya kwetu hapa, mita 1,134 juu, ni pungufu kidogo). Kwa kila angahewa moja inayoongezeka, maji ya nyuzi 25 hupungua ujazo kwa sehemu 46 hivi katika milioni. Ukijumlisha safu nzima kutoka juu hadi chini, unakuta maji yamejibana kwa sentimita 1.4. Yasingebanwa kabisa, uso wa ziwa mahali hapo ungekuwa juu zaidi kwa upana wa kidole. Basi maji yanabanwa, ila kwa ubishi. Ubishi huo ndio unaofanya atomu zikisogeleana kidogo tu, kanieneo iruke sana.

Sasa lile kubwa. Chukua argoni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, uifungie katika sanduku lisilotanuka, jotoridi lake ulidhibiti lisibadilike. Mtu angedhani hapo kila kitu kimetulia. Wastani umetulia, lakini ukiweza kuchungulia chembe mia kadhaa kwa kila sehemu ndogo sana ya sekunde, utaona nishati yao tuli, ile inayotokana na mvutano na msukumano kati ya atomu na atomu, inapanda na kushuka bila kukoma. Kanieneo nayo inapanda na kushuka. Swali ni hili: je, vinapanda pamoja na kushuka pamoja, au kila kimoja kinashika njia yake?

Kabla ya jibu, kanieneo inabidi igawanywe. Sehemu moja hutokana na mwendo wa chembe, nayo ni ile ile ya gesi bora: idadi ya chembe mara kigezo cha Boltzmann mara jotoridi, kugawanya kwa ujazo. Sehemu ya pili hutokana na chembe kusukumana na kuvutana. Ukiizidisha sehemu hii ya pili kwa ujazo unapata kinachoitwa viriali, na huandikwa W. Tunachokilinganisha na nishati tuli, U, ni W, wala si kanieneo nzima. Wengi hukosea hapa hapa, hatua ya kwanza.

Jibu lilichapishwa mwaka 2008 na Ulf Pedersen, Nicholas Bailey, Thomas Schrøder na Jeppe Dyre wa Chuo Kikuu cha Roskilde, Denmark. Katika vimiminika ambavyo chembe zake hushikana kwa kani za van der Waals pekee, yaani mvutano dhaifu ulioko kati ya chembe zote, U na W huandamana karibu kama mtu na kivuli chake. Kipimo cha uhusiano wao, R, ambacho kingekuwa 1 kama wangeandamana kikamilifu na 0 kama wasingejuana, huwa juu ya 0.9. Kwa argoni iliyoigizwa kwenye kompyuta ni karibu 0.94. Ukichora nukta za U na W kwenye karatasi ya grafu hupati wingu la mviringo, unapata wingu jembamba lililolala mshazari, na mwinamo wake, γ, ni karibu 6.

Hiyo 6 ina kisa chake. Fomula ya Lennard-Jones, inayoeleza nishati kati ya atomu mbili kufuata umbali wao na ambayo hadi leo ndiyo ya kwanza kutumika kuigiza argoni, ina msukumano unaofuata umbali kwa kipeo cha 12 na mvutano wa kipeo cha 6. Kama msukumano wa kipeo n ungekuwa peke yake, hesabu ya mistari miwili inaonyesha kwamba W ni sawasawa na U mara n kugawanya kwa 3. Kwa 12 ungepata 4. Mbona basi tunapata 6, mwinamo unaolingana na kipeo cha 18? Sababu ni kwamba mvutano, ukijumlishwa na msukumano, hulifanya bonde la fomula (pale nishati inaposhuka chini kabisa kwenye grafu yake) kuwa kali zaidi kuliko msukumano mtupu. Karibu na umbali ambao majirani hupenda kukaa, fomula nzima inafanana sana na msukumano wa kipeo cha 18, ukiongeza sehemu inayokwenda kwa mstari ulionyooka kufuata umbali. Na sehemu hiyo ya mstari haina madhara, maana ujazo umefungwa. Ni kama abiria wa daladala iliyojaa ya kwenda Buhongwa: mmoja akisogea mbali na jirani wa kulia anamkaribia wa kushoto, na ukijumlisha mapengo yote jumla ni ile ile. Kinachobaki kubadilika ni ile sehemu ya kipeo cha 18, na hiyo inavuta U na W kwa kamba moja.

Ruhusu ujazo utanuke na kusinyaa, yaani dhibiti kanieneo badala ya ujazo, na mapengo hayo hayajumlishiki tena kuwa kitu kimoja. Uandamano unapotea. Kwa hiyo mtu akikuambia "nishati na kanieneo huenda pamoja" bila kutaja kwamba ujazo umefungwa, bado hajakuambia kitu.

Na maji? Maji ndiyo kimiminika kibaya kuliko vyote vya kujifunzia somo hili, nasi ndiyo tunayoyachota kila siku na kuyafanya mfano wa kila kitu. Molekuli za maji hushikana kwa viungo vya haidrojeni vinavyodai umbali maalumu na pembe maalumu. Molekuli zikijipanga kwa pembe hizo, nishati inashuka lakini zinahitaji nafasi zaidi. Zikibanana, nafasi inapungua huku viungo vikipinda. Kani mbili zinavuta pande mbili, na R inaanguka karibu na sifuri.

Unaweza kuliona hilo bila kompyuta, kwa sababu wastani wa zao la kupandashuka kwa U na W hupatikana pia kutokana na kipimo cha kawaida cha maabara: kanieneo inaongezeka kiasi gani kwa kila nyuzi moja ya joto ikiwa ujazo umefungwa. Kipimo hicho ni upanuzi kwa joto ukigawanywa kwa kubanika. Maji ya nyuzi 25 yanatoa angahewa 5.6 hivi kwa nyuzi moja. Toa sehemu ya mwendo wa chembe, ambayo kwa maji ni karibu 4.5, na kwa mwingiliano wa molekuli inabaki kama 1 tu. Fanya vivyo hivyo kwa tolueni, ambayo mafundi rangi wanaifahamu kwa harufu yake ndani ya tina: jumla ni karibu 12, mwendo unachukua chini ya 1, na 11 zote ni kazi ya molekuli kusukumana. Kwenye nyuzi 4, ambapo maji ni mazito kuliko jotoridi jingine lolote, jumla ya maji ni sifuri, maana yake mwingiliano unavuta kinyume kiasi cha kuufuta mwendo wote. (Nyuzi 4 hizo hufundishwa kwa mifano ya maziwa yanayoganda juu samaki wakabaki salama chini. Uso wa ziwa letu hukaa nyuzi 24 hadi 27, na sangara hajawahi kuokolewa na barafu.)

Sasa namna ya kulihakiki jambo lenyewe. Programu ya bure ya kuigiza mwendo wa atomu, iitwayo LAMMPS, inatosha, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Tumia vizio vya Lennard-Jones, ambamo kipenyo cha atomu, kina cha bonde la mvutano na tungamo vyote ni 1. Panga atomu 864 katika fuwele ya mchemraba yenye atomu katikati ya nyuso, visanduku vidogo 6 kila upande, kila kimoja kikiwa na atomu 4, kwa kuwa 6 mara 6 mara 6 mara 4 ni 864. Idadi hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Aneesur Rahman mwaka 1964 alipoigiza argoni kwa Kelvini 94.4. Weka densiti 0.82, upande wa sanduku utakuwa 10.18. Kata fomula kwenye umbali wa 2.5 na uipandishe ili iishie sifuri hapo. Hatua ya muda iwe 0.005, ambayo kwa argoni ni takriban sehemu moja ya trilioni mia ya sekunde.

Usianze na jotoridi la 0.8 moja kwa moja. Fuwele uliyopanga inaweza kukawia kuyeyuka, nawe ukapima yabisi ukidhani ni kimiminika. Ipandishe hadi 2 kwa hatua 20,000, ishushe hadi 0.8 kwa hatua nyingine 20,000, kisha iache itulie kwa hatua 50,000. Ndipo urekodi: endesha hatua 500,000 kwa kidhibiti joto cha Nosé-Hoover (njia ya programu ya kushikilia wastani wa jotoridi), ujazo umefungwa, na uandike U na W kila baada ya hatua 50. Utakuwa na jozi 10,000. Kazi yote ni ya dakika, si ya siku, ila umeme wetu tunaujua: agiza faili la kuanzia upya lihifadhiwe kila hatua 50,000.

Hesabu ya mwisho inafanyika hata kwenye jedwali la kawaida la kompyuta. Tafuta wastani wa U na wastani wa W. Kila thamani itoe wastani wake. Zidisha tofauti za kila jozi, tafuta wastani wa mazao hayo, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha zao la wastani wa kipeo cha pili cha tofauti za U na wastani wa kipeo cha pili cha tofauti za W, yaani kanuni ile ile ya takwimu ya kidato cha sita. Hiyo ni R. Wastani wa mazao kugawanya kwa wastani wa kipeo cha pili cha tofauti za U ni γ.

Matokeo yakija mabaya, sababu ni chache na kila moja ina alama yake. γ ikitoka elfu tano na ushei, hujagundua kitu. Kwa vizio hivi programu hugawanya nishati kwa idadi ya atomu bila kuulizwa, lakini kanieneo haigawanyi, hivyo jibu limezidishwa kwa 864. Tengeneza W ya atomu moja kwa kugawanya kanieneo ya mwingiliano kwa densiti, na tatizo litaisha. R ikitoka karibu 0.6, umetumia nishati yote badala ya nishati tuli. Nishati mwendo hupandashuka kwa hesabu zake, haijui habari za W, na inazamisha uhusiano. Ukiacha sehemu ya mwendo ndani ya kanieneo kosa ni dogo zaidi, R inashuka kidogo tu, na ndiyo maana kosa hilo hudumu bila kugunduliwa. R ikianguka kabisa, angalia kama kuna mtu aliyewasha kidhibiti kanieneo. Na kama umepunguza densiti hadi 0.6 kwa jotoridi lile lile la 0.8, hapo huna kimiminika kimoja tena: sanduku limejigawa kuwa kimiminika na mvuke, kuna tundu katikati, na γ utakayoipata ni ya mchanganyiko usio na jina.

Kuna mtihani wa kujipima ambao tungeulazimisha kabla ya mengine yote. Futa mvutano, acha msukumano wa kipeo cha 12 peke yake, na uendeshe tena. R lazima iwe 1 na γ lazima iwe 4, si 3.8 wala 4.3. Isipokuwa hivyo, kosa limo kwenye amri zako, usilaumu argoni. Katika mtihani huu pandisha jotoridi hadi 2, kwa sababu bila mvutano densiti ya 0.82 kwenye jotoridi la 0.8 ni ya yabisi.

Wengine hushawishika kuongeza atomu hadi laki moja ili "matokeo yawe bora". Sanduku kubwa hupunguza ukubwa wa kupandashuka kwa kila atomu, lakini R na γ hazibadiliki. Muda wa ziada ni afadhali uutumie kubadili jotoridi na densiti uone γ inavyosogea.

Shule isiyo na kompyuta inaweza kupima nusu ya jambo. Chukua chupa mbili za kioo za mililita 500, moja ya maji na moja ya mafuta ya taa, zijaze hadi juu kabisa, uzifunge kwa kizibo chenye mrija mwembamba. Ziweke pamoja kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 hadi zitulie, kisha zihamishie kwenye beseni la nyuzi 35 na usubiri dakika 30. Maji yatapanda mililita 1.5 hivi, mafuta karibu 5, mara tatu na zaidi. Chupa za plastiki hazifai, zinajipindua na kuficha jibu. Maji ya ziwa yachemshwe kwanza na kupozwa, la sivyo hewa iliyoyeyuka itatoka kama vipovu na kusukuma safu ya mrija. Mafuta ya taa yasisogezwe karibu na moto, joto litoke kwenye beseni tu. Kipimo hiki ni cha upanuzi, si cha R yenyewe, maana R inataka pia joto mahususi na kubanika. Hata hivyo kinatosha kuonyesha nani mwenye tabia ya kawaida na nani mgeni.

Faida ya uandamano huu wa U na W kwa asiyependa kompyuta ni hii. Kimiminika kinachoandamana vizuri kina njia za siri kwenye ramani ya densiti na jotoridi: ukitembea juu ya njia moja, chembe huendelea kuhangaika kwa namna ile ile, na mnato, ukiupima kwa vizio vinavyofaa, haubadiliki. Kanuni ya njia hizo ni densiti kwa kipeo cha γ kugawanya kwa jotoridi. Kwa γ ya 6, ukibana kimiminika kwa asilimia 1 tu, unahitaji kupandisha jotoridi kwa asilimia 6 ili chembe zisichelewe: kutoka Kelvini 300 hadi 318. Ndiyo maana mafuta yanayobanwa kati ya meno ya gia huwa mazito ghafla, na ndiyo maana joto kidogo huyalegeza. Mwaka 2011 kundi la Roskilde lilijaribu kanuni hii kwa mafuta halisi ya silikoni yanayotumika kwenye pampu za kuondolea hewa. γ waliyoipata kwa kubana ilikuwa 6.2, na ile iliyokokotolewa kutokana na kupandashuka ililingana nayo ndani ya mipaka ya vipimo.

Hata wenye madumu ya petroli pale mwaloni wamo katika hesabu hii. Dumu la lita 20 lililojazwa alfajiri kwenye nyuzi 20, likaanikwa mtumbwini hadi petroli ifike nyuzi 45, linadai nusu lita ya nafasi zaidi. Usipoiacha, petroli haitaomba: kanieneo itapanda kwa angahewa kadhaa kwa kila nyuzi, mpaka plastiki ivimbe au kifuniko kivuje. Dumu la maji lingedai kama mililita 160 tu, ndiyo maana aliyezoea kujaza maji hadi shingoni huona petroli ni korofi.

Tunachoomba kwako, Mhariri, ni viwili. Ukurasa wa elimu ukihitaji mfano wa kimiminika cha kawaida, uchukue mafuta ya taa, na maji yatajwe pale tu yanapotajwa kama maji. Pia ukurasa uchague neno moja. Wiki moja tunasoma kanieneo, nyingine mgandamizo, nyingine shinikizo, nyingine presha, na mwanafunzi anabaki akidhani ni vitu vinne. Sisi tunatumia kanieneo kwa sababu ndilo linalosema kani juu ya eneo, na ndilo aliloanza nalo shule ya msingi.

Walimu wa fizikia wa sekondari,
Mwanza